Mwanafunzi wa Jumatano

"Usikanyage pindo," Shunsuke alimwambia kwa mara ya nne tangu washuke kwenye treni. "Mengine yote utasamehewa. Hata ukimwaga chai utasamehewa. Lakini pindo la mkeka, kwa baba yangu, heri umkanyage yeye mwenyewe."

"Nimesikia."

"Na keki uitoe kwanza kwenye mfuko, ndipo umpe mama. Kwa mikono miwili."

"Shunsuke, nimesikia! Ukisema tena nageuza narudi stesheni."

Alisema hivyo kwa kucheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha juu juu. Kusema kweli alitamani kurudi. Huyu ndiye Noemi Barragan wa Rosario, Argentina, aliyefundisha kucheza tango katika miji kumi na mmoja kabla ya kufika Kobe, Japani, mwanamke aliyezoea kupanda jukwaani mbele ya mamia ya watu bila hata kumeza mate. Leo, kwa ajili ya wazee wawili waliotulia kwao Jumapili mchana, viganja vilimtoka jasho mpaka utepe wa boksi la keki ukalowa.

Mkataba wake wa kufundisha ulikuwa unaisha Alhamisi. Tiketi ya ndege ilikuwa ya Ijumaa. Shunsuke alikuwa amemwambia kwamba wazazi wakikataa, atafunga begi amfuate, na alilisema hilo kama mtu aliyekariri. Noemi akamtazama vidole, vilivyoota sugu kwa sindano na uzi wa katani. Kuanzia baba wa babu yake mpaka yeye, watu wa nyumba hiyo walikuwa mafundi wa mikeka ya tatami, ile minene ya nyasi inayofunika sakafu nzima, na yeye alikuwa mtoto pekee. Rosario angeshona nini?

Basi Noemi akakata shauri peke yake, bila kumwambia. Wakimkubali, atabaki. Wakimkataa, Ijumaa atapanda ndege, na atapanda bila yeye. Hakutaka kuwa mwanamke wa kumng'oa mtu kwao. Jambo hilo alikuwa akiliwaza tangu alfajiri.

Walipanda kichochoro kuelekea upande wa milima. Mji ule Noemi alikuwa ameujua kwa miguu. Miezi ya kwanza, siku asizofundisha, alikuwa akishuka stesheni yoyote iliyomjia kichwani na kutembea mpaka apotee, kisha anauliza njia, naye anajibiwa kama wanavyojibiwa watu wote wa Kobe: nenda upande wa milima, kisha kata upande wa bahari. Aliujua mkate wa duka gani unatoka saa ngapi. Aliijua ngazi iliyo nyuma ya hekalu dogo ambako paka walilala juu ya mashine ya kuuza vinywaji. Hapo kwenye ngazi ndipo Shunsuke alipomkuta siku moja amekalia rundo la mikeka mipya ambayo Shunsuke alikuwa anaipeleka kwa mteja, amevua viatu, anakanda vidole vya miguu. Alitaka kumfokea, ikawa ndiyo siku waliyoanza kupendana. Lakini kichochoro hiki cha leo Shunsuke hakuwahi kumleta.

"Baba hunung'unika tu," Shunsuke alisema. "Mwenye neno ni mama. Mama akishasema, imesemwa."

"Na akiniuliza habari ya kucheza?"

Shunsuke akakohoa. "Hilo tumeshaongea. Mwambie utaacha. Sema ndiyo tu, mengine tutayajua mbele ya safari."

"Nimdanganye mama yako siku ya kwanza?"

"Wewe ulitaka umdanganye siku gani?"

Noemi akampiga kofi la bega, na kwa dakika moja akapumua vizuri. Uongo ule alikuwa nao tayari. Alikuwa hata ameufanyia mazoezi, tena mbele ya mtu: Bi Onoda.

Bi Onoda alikuwa mwanafunzi wake wa Jumatano saa nne asubuhi, darasa la kina mama watu wazima, ghorofani juu ya duka la miwani. Alianza mwezi wa pili. Mwanamke mfupi, mkavu, barakoa usoni tangu anaingia mpaka anatoka. Ulikuwa msimu wa chavua, nusu ya mji inapiga chafya, hakuna aliyemshangaa. Alitembea kwa hatua ndogo ndogo, akiruka kila mstari wa mbao sakafuni kana kwamba ni mfereji, na kila aliposimama aligeuza mguu wa kushoto kwa ndani.

Katika tango watu hawaombani kucheza kwa mdomo. Humtazama umtakaye kutoka upande wa pili wa ukumbi. Akikubali anakurudishia macho, mnaitikiana kwa kichwa, basi, mnakutana katikati. Asiyetaka hutazama pengine, na hakuna aliyeaibika. Kina mama wengine walilipenda hilo mpaka wakawa wanachekeana kama wasichana. Bi Onoda lilimshinda. Kila Noemi alipomtazama, macho ya mama wa watu yaliporomoka sakafuni.

"Bi Onoda, ukitazama chini naona umenikataa."

"Siwezi, Mwalimu. Nimelelewa kutomkodolea mtu macho."

"Si kumkodolea. Ni kumwambia tu kwamba upo."

"Na nikimwambia nipo, halafu asinione?"

Noemi alimfuata pale pale kwenye kiti, akamshika mkono, akamnyanyua. Mkono ulikuwa wa baridi. Tangu siku hiyo darasa likiisha Bi Onoda alibaki kumsaidia kupanga viti, na mtu aliye mbali na kwao akipata wa kumsikiliza husema mpaka yasiyosemwa.

"Mama mkwe mwenyewe hajaniona, ameshanikataa," Noemi alimwambia siku moja. "Nasikia ni friji. Ukifungua mlango unapigwa na ubaridi."

"Friji," Bi Onoda alirudia taratibu.

"Ataniambia niache kucheza. Nitasema ndiyo, Mama, naacha. Halafu Jumatano natoka na kikapu kama naenda sokoni."

Bi Onoda alicheka mpaka akajifuta macho. "Mimi mwenzio mume wangu anajua Jumatano nipo kwa daktari wa magoti. Lakini mama mkwe akigundua?"

"Atagundulia wapi? Ataingia darasani?"

Tangu hapo, wakipanga viti, Bi Onoda alijifanya mama mkwe na kumwuliza, "Ukiolewa nyumba hii, utaacha kucheza?" Na Jumatano iliyopita, mkataba ukiwa umebakiza wiki moja, Noemi alimweleza hata lile ambalo Shunsuke hakulijua: kwamba akikataliwa ataondoka peke yake. Alilia. Bi Onoda akampa leso yake ajifute, akaichukua tena, akaondoka.

Nyumba ya akina Kitabatake, ukoo wa Shunsuke, ilianza kwa harufu. Kabla hujaona mlango ulisikia harufu ya nyasi zilizotoka kukaushwa, maana mbele ndiyo ilikuwa karakana na nyuma ndiko walikoishi. Mzee Masaharu, baba yake Shunsuke, alikuwa amekaa katikati ya kazi japo ilikuwa Jumapili, anakaza uzi kwa kiwiko. Kiwiko chenyewe kilikuwa kimekomaa kama kisigino. Aliinua uso, akamtazama Noemi miguuni kabla ya usoni.

"Karibu. Ni padogo."

"Asante, Baba. Samahani kwa kuwasumbua."

Mama yake Shunsuke, Bi Fusae, alikuwa amepiga magoti ukumbini kuwapokea, ameinama hata Noemi akaona nywele tu, zimechanwa zikalala. "Umetoka mbali," alisema kwa sauti ndogo ya adabu. Noemi alitoa keki kwenye mfuko, kwa mikono miwili, akainama, akasahau maneno yote aliyofundishwa, akasema asante mahali pa kusema pokeeni. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Wakaingia chumbani. Mikeka minane, kila mmoja na pindo lake la kitambaa cheusi chenye maua madogo, na kati yake Noemi akapita kama mtu anayepita juu ya mayai. Mzee alikuwa nyuma yake. Alihisi macho yake kwenye visigino mpaka alipokaa.

"Umemfundisha," Mzee akamwambia mwanawe.

"Ndiyo, Baba."

"Hata kasuku hufundishwa."

"Baba!"

"Nimesema kasuku. Kasuku ni ndege mzuri."

Kisha Bi Fusae akaingia na sinia la chai. Noemi, kwa kuogopa kumtazama usoni, alitazama chini. Na hapo chini akaona soksi nyeupe zikija kwa hatua ndogo ndogo, zikiruka pindo la kwanza, zikiruka pindo la pili kana kwamba ni mfereji, mpaka zikasimama mbele ya meza. Mguu wa kushoto ukageuka kwa ndani.

Hapana, alijiambia. Wanawake wangapi nchi hii wana mguu wa namna hiyo? Akainua macho polepole. Mdomo mwembamba, kidevu chenye kitone cheusi. Uso huu hakuwahi kuuona. Ila juu ya pua, macho yale. Yalikutana na yake nukta moja tu, yakaporomoka kwenye sinia.

"Kunywa ikiwa ya moto," Bi Fusae alisema.

"Mama nawe kaa," Shunsuke akasema. "Magoti hayo."

"Hebu mpeleke wewe siku moja kwa huyo daktari wake," Mzee akanung'unika. "Kila Jumatano, tangu mwezi wa pili, na bado anapanda ngazi akiguna."

Chai ilimpalia Noemi. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, Shunsuke akawa anampiga mgongoni, na wakati wote huo maneno yake mwenyewe yakimrudia moja moja. Friji. Kikapu cha sokoni. Nitasema ndiyo, Mama. Ataingia darasani? Alitamani mkeka ufunguke ummeze. Mama huyu alikuwa na kila kitu chake mkononi, hata machozi yake, kwenye leso.

Bi Fusae alimsogezea kitambaa cha kujifutia, uso mkavu kabisa.

"Haya," alisema Mzee, "tuseme tulichokutania. Mwanangu anasema anataka kukuoa. Mimi sikuchukii. Sikujui, nitakuchukiaje? Lakini ulikuja na begi moja, na mtu wa begi moja namwogopa. Siku moja utaliokota begi lako uende, na huyu atakuwa ndani."

"Baba, mimi sitamchukua."

"Unasema."

"Nasema, Baba. Haki ya Mungu."

Shunsuke akamgeukia, hajaelewa. Bi Fusae alikuwa akizungusha kikombe chake, mara moja kulia, mara moja kushoto.

"Halafu kazi yenyewe," Mzee aliendelea, maana alikuwa ameanza na hakuwa na desturi ya kuishia njiani. "Kucheza. Watu wasiojuana wanakumbatiana mchana kweupe. Nasikia wanaokuja kwako ni wanawake wenye waume, wenye wajukuu. Ni kweli?"

"Ni kweli, Baba. Wengi ni kina mama."

"Wa mtaa huu yupo?"

Kutoka karakana ilisikika redio ndogo iliyosahauliwa ikitangaza hali ya hewa. Noemi hakumtazama Bi Fusae, lakini alikiona kikombe: kilikuwa kimeacha kuzunguka. Ndipo akaelewa jambo lililomfanya asahau hofu yake kwa muda mfupi. Mama huyu naye alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kama yeye, labda kumzidi.

"Yupo?" Mzee akarudia. "Maana mke wa muuza achari siku hizi anatembea amenyooka mgongo, nikajiuliza."

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na mizani ingegeuka. Noemi akaweka mikono mapajani.

"Baba, unisamehe. Majina ya wanafunzi wangu siyatoi. Wengine wamenyanyasika mpaka kufika pale. Wengine mara ya mwisho kushikwa mkono hawaikumbuki. Mtu akija darasani kwangu, kuja kwake kunabaki kwangu."

Mzee akaguna. Halikuwa guno la hasira wala la kuridhika. Kikombe cha Bi Fusae kikarudi mezani bila sauti.

"Nina swali moja," alisema Bi Fusae.

Shunsuke akanyooka. Chini ya meza goti lake likamgusa Noemi, likambana. Sema ndiyo, lilisema goti.

"Ukiolewa nyumba hii, utaacha kucheza?"

Jamani. Swali lile lile, kwa maneno yale yale waliyoyafanyia mazoezi na viti mkononi, tena kutoka kwenye mdomo ule ule. Anataka nini? Anataka nimdanganye waziwazi ili anifukuze? Au anataka nimdanganye, tushirikiane uongo, tuwe wawili wenye vikapu? Noemi alimtafuta machoni ili apate jibu. Bi Fusae alikuwa akitazama mkeka.

Goti la Shunsuke lilimbana tena. Akafikiria Ijumaa. Akafikiria ngazi ya paka, na vidole vile vya sugu vikifungua mkate na kumpa kipande kikubwa kila mara, kila mara bila kukosea. Kumbe ndivyo mtu anavyopoteza kitu, aliwaza, amekaa vizuri, kikombe mbele yake.

"Hapana, Mama," alisema. "Siachi."

"Noemi!" Shunsuke alinong'ona.

"Nilikuwa nimepanga kukwambia naacha. Ungekuwa uongo. Duka nitafagia, mikeka nitabeba, kiwiko nitakikomaza kama Baba akinifundisha. Lakini nikiacha kucheza nitakuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine mwanao hakumpenda. Nawe ungeishi naye bure."

Aliposema hivyo aibu na huzuni vikampanda pamoja. Alimpenda Shunsuke. Alimpenda mpaka kifua kilimuuma, na alikuwa ametoka kumpoteza kwa sentensi tano.

Mzee Masaharu akainuka akijishika kiuno. "Umesikia mwenyewe, Fusae. Shunsuke, njoo. Kuna mkeka wa hekalu haujakatwa."

"Baba, leo Jumapili!"

"Njoo nimesema."

Shunsuke alimtazama Noemi. Macho yake yalikuwa yamejaa, ya mtu anayeuliza kwa nini, kwa nini hukusema ndiyo tu. Kisha akamfuata baba yake, maana ndivyo alivyolelewa, na mlango wa karakana ukateleza nyuma yao.

"Vikombe," Bi Fusae akasema. "Nisaidie."

Jikoni sakafu ilikuwa ya mbao. Mlango wa kurudi chumbani waliuacha wazi kwa ajili ya sinia. Bi Fusae alifungua bomba, maji yakaanguka kwa kishindo, ndipo akasema bila kugeuka:

"Umenijua saa ngapi?"

"Ulipoleta chai. Mguu wa kushoto."

"Mguu huo! Umenisema miezi miwili, hausikii." Akasugua kikombe kilichokwisha takata. "Friji, ulisema."

"Mama, naomba unisamehe. Ni Shunsuke aliyesema nyumbani kwenu mtu akiingia..."

"Ni kweli. Mimi ni friji. Nilikuja kule siku moja tu, nikutazame ni mtu wa namna gani, nirudi niwaambie nimekuona na sikutaki. Nilitoa jina la kwetu nilikozaliwa ili usinijue. Nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno." Akafunga bomba, kisha akalifungua tena. "Ukanishika mkono. Miaka mingapi hajanishika mtu mkono, zaidi ya nesi anayenipima presha? Nilikaa kwenye treni nimeushika huo mkono kama kitu nilichookota. Jumatano iliyofuata nikajiambia naenda kukuchunguza zaidi. Na iliyofuata."

Noemi akachukua kikombe, akaanza kukikausha. Mama akamgeukia.

"Kwa nini umesema hapana? Uliniambia utasema ndiyo."

"Nilimwambia Bi Onoda. Nilidhani mama mkwe ni mtu nisiyemjua, na mtu usiyemjua unaweza kumdanganya. Sasa namjua. Nimemfundisha kutembea."

"Ungesema ndiyo ningejua unanidanganya, ningekutoa nje na moyo mweupe. Umesema hapana, umeniacha sina la kushika. Na Masaharu alipokuuliza wa mtaa huu, ungenitaja ungenimaliza. Hukunitaja." Alikuwa na hasira kweli. "Wiki nzima silali. Nikifumba macho nakusikia unalia, utaondoka peke yako, utaniachia mtoto wangu. Nataka nikuchukie, unaninyima sababu. Ni adabu gani hiyo?"

"Sijui, Mama."

"Usidhani nimekukubali."

"Sidhani."

Bi Fusae alijifuta mikono, akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa leso. Ilikuwa ile ya Jumatano, imefuliwa na kupigwa pasi, imekunjwa mara nne. Akaiweka mezani, kati yao. Noemi aliitazama ile leso na hofu ikamshika upya, kubwa kuliko ya mchana kutwa, maana alidhani ameielewa: ni kitu kinachowekwa mezani watu wanapoagana. Alisogea nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Mama naye alikuwa upande wa pili, kwenye bomba, ameinamia chini kama kawaida yake. Kati yao palikuwa na hatua nne za mbao.

Noemi alikuwa anatafuta maneno ya kuagia alipoona kichwa cha Bi Fusae kinainuka.

Kiliinuka polepole, kama kinainuliwa na mtu mwingine. Macho yakapita kwenye meza, kwenye leso, kwenye kifua cha Noemi, yakafika. Hayakuporomoka. Yalitetemeka, yakalowa, yakabaki pale pale. Kisha, kidogo sana, kama walivyofundishwa, Bi Fusae akaitikia kwa kichwa.

Noemi akaitikia kwa chake.

Mama akavua ndara za jikoni. Noemi naye akavua zake. Walikutana katikati ya jiko, mkono wa Mama ukiwa bado wa maji, na Noemi akaanza kumwongoza bila muziki, hatua moja, kisha nyingine. Anayeongozwa hurudi kinyumenyume, haoni aendako, na siku zote Bi Onoda hapo ndipo alipokwama, akigeuza shingo kutafuta mistari. Leo hakugeuza. Alifumba macho. Alipumua kwenye bega la Noemi kwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na Noemi akawa analia bila sauti huku anahesabu. Jiko likawaishia. Wakapita mlango uliokuwa wazi, wakaingia chumbani, soksi zikagusa mkeka. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa ndefu, ndefu kuliko zote alizowahi kupiga Mama, na kisigino chake kikatua.

Mlango wa karakana ukateleza.

Mzee Masaharu alisimama pale na kisu cha kukatia mikeka mkononi, Shunsuke nyuma yake. Hakuwatazama usoni. Alitazama chini, kama desturi yake, na Noemi akafuata macho yake. Kisigino cha Bi Fusae, mke wa fundi mikeka kwa miaka arobaini na moja, kilikuwa juu ya pindo, katikati kabisa ya maua.

Mzee aliutazama mguu. Aliutazama mkono wa mke wake uliokuwa ndani ya mkono wa mgeni. Midomo yake ikacheza kabla sauti haijatoka.

"Fusae. Huyu ndiye daktari wa magoti?"

Noemi alilegeza mkono, ampe Mama nafasi ya kujitoa. Mama akaukaza. Mguu hakuuondoa.

"Ndiye," akasema. "Na Ijumaa hasafiri. Bado hajanifundisha kugeuka."